Mistari mbili ya liste

Siku ya ine

Nilisema tu, ile nane juu ya makumi mbili haikukuwa yangu! Profesa alifungua kopi yangu ya examen mbele ya macho yangu: kumi na ine. "Asistanti yangu alichanganya mistari mbili ya liste ya pointi," akasema. "Andika barua, tutarekebisha."

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona jina lenye kufuata langu: Furaha, mwenzangu wa chumba. Kumi na ine yake ni yangu. Nane ni yake.

Na jana baba yake, kule Iga Barrière, alichinja mbuzi juu ya kusherehekea ile kumi na ine.

Barua nimeiandika. Inabakia tu kusinye, kutia jina langu chini.

Furaha iko anapasha nyama ya ule mbuzi yenye baba yake alituma, ananiita: "Kuya tukule!" Eti nikule sana, nisahau ile nane yangu.