Damu ya Bénie

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua, nimempeleka Bénie shuleni. Kisha nikaenda kliniki ya kampuni ya mume wangu, jino linaniuma. Muuguzi akauliza kama Bénie ana nafuu tangu aongezewe damu. Damu gani? Binti yangu hajalazwa hata mara moja. "Iko muzuri," nikajibu. Jino nimelisahau.

Jumanne, 4 Machi
Mume wangu Ilunga anaendesha lori mgodini, na kadi yake inatutibu bure sisi watatu. Watatu tu! Leo nimemtazama akila. Ametulia kupita kiasi. Simu haiachi, hata chooni anaenda nayo. Dalili ya mvua ni mawingu. Ana bureau ya pili, mwanamke wa nje, na mtoto wao anatibiwa kwa jina la mwanangu.

Ijumaa, 7 Machi
Ilunga amerudi rangi imemtoka. Wakubwa wanataka kuelewa kwa nini familia zingine zinagharimu kidogo kwa matibabu na zingine mno. Za gharama kubwa zinaitwa, mume na mke. Aliyetibisha mtu wa nje, kazi imekwisha. Sisi tumeitwa Jumatano. Nimefurahi kidogo. Atoke jasho.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa akasema anaenda kwa fundi. Nikamfuata hadi mtaa wa Ruashi. Akaingia kwa dada yake Ngoie, mjane. Nami nikaingia, bila hodi. Merveille, binti wa Ngoie, rika la Bénie, amelala mkekani, macho ya manjano. Ni SS, selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ngoie akapiga magoti.
"Mama Bénie, utusamehe. Bila carte yenu ya matibabu, mutoto atakufa."
Kumbe hakuna mwanamke wa nje. Aibu imenishika. Na hasira, maana Ilunga aliwaza nitakataa. Labda ningekataa.

Jumatano, 12 Machi
Daktari wa kampuni ana sauti ya upole na macho ya kuwinda. Akamwacha Ilunga, akanigeukia mimi.
"Mama, mutoto wako iko na ugonjwa gani?"
"Iko SS, docteur. Tangu kuzaliwa."
Vipimo vya Merveille vilikuwa mbele yake, jina la Bénie juu. Akaturuhusu. Njiani Ilunga alilia. Mimi sikulia.

Jumatatu, 17 Machi
Maneno yametembea, kwamba Bénie ana SS. Jirani kaleta matembele, eti yanaongeza damu. Nimeshukuru, nimepika. Parokiani kwetu wachumba hupimwa damu kabla ya ndoa, na akina mama hawasahau binti wa nani ana SS. Mwalimu amemkataza Bénie kukimbia. Mtoto ameniuliza kwa nini. Nimemwambia amsikilize mwalimu. Sasa amekaa mlangoni, anawatazama wenzake wakiruka kamba.