Ufunguo wa Sanduku la Elia

Elia,

Kichwa chako kigumu, na hata ukiwa kaburini sikuachii. Nilikuambia kifua hicho kipeleke hospitali Kiomboi. Ukanijibu, "Mama, nimalizie hii saketi kwanza." Saketi ukaimaliza. Na wewe ukaisha.

Haya. Naandika kwa mwandiko wangu wa ngumbaru, usicheke.

Mashine yako ya kutotolesha vifaranga ilibaki na mayai ndani, na ile saketi ya zamani, mla betri. Ulinieleza: kipimajoto kina sauti ndogo, hakiwezi kuiamrisha hita peke yake, kwa hiyo katikati kuna saketi inayopokea neno dogo na kulipeleka kwa nguvu. Ina milango miwili ya umeme. Kila inapopokezana, yote miwili inakuwa wazi kidogo, umeme unapita moja kwa moja bila kufanya kazi, unaishia kuwa joto la bure. Nikakuambia, hilo hata mimi nalijua. Jioni ng'ombe wakirudi, ukifungua lango lao na la ndama kwa pamoja, ndama wanavamia mama zao na kibuyu kinabaki kitupu. Funga moja kwanza, ndipo ufungue la pili. Ukaacha chai, ukakimbilia meza yako. "Mama, ungesoma wewe!" Nilijivuna wiki nzima, sikukuonyesha.

Hiyo saketi mpya, uliyoitengeneza kwa maneno hayo ya malango, imo sandukuni mwako. Na sanduku nililifunga mimi, siku ya mazishi. Baba yako, Mungu amrehemu, enzi za uhai wake alikuwa akisema vyombo vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukae kugawa. Nikatia kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Ukoo wenyewe ndio hao baba zako wadogo wa Ikungi: mmoja yuko kwenye alizeti, mwingine kila siku ni kesho. Hawajakaa mpaka leo.

Binti yako Neema, uliyemfundisha ufundi mwenyewe, alikuja.

"Shikamoo bibi. Naomba ufunguo. Kwa mawingu haya sola haijazi, na kwa saketi ile ya zamani betri haifiki asubuhi."

Nikasema kikao kwanza. Akarudi tena. "Bibi, mayai yatakufa."

"Yafe," nikamjibu. "Mila haifi."

Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Kwa kinywa changu.

Betri ikaisha. Neema hakunipigia kelele. Angenipigia ningepumua. Alileta sinia la mayai yamepoa, akaliweka miguuni pangu, akaenda zake. Nikapasua moja. Elia, lilikuwa na manyoya. Lilikuwa na mdomo. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu yaanguliwe, mwanangu, mbili.

Tangu hapo nikipita karibu na meza yako naangalia pembeni. Mimi niliyekupigia domo la malango! Kufunga nikakumbuka. Kufungua nikasahau.

Jana Neema kaweka mayai mengine. Hakuniomba kitu, kaniamkia tu. Mawingu bado yapo, na saketi ni ile ile. Basi leo, ukoo ukae usikae, ufunguo nampa mkononi. Nakuahidi sitasimama mlangoni kuangalia anashika nini.

Pumzika, mkaidi wangu. Kifua hakikuumi tena. Ila usilale kabla hujafanya kazi moja: mtafute baba yako huko, na akianza kufoka, mwambie mtoto hana kosa. Mwambie sanduku kalifungua mama.