Upande Mweusi wa Picha

Iguhu,
Jumapili, baada ya misa.

Baba Mmbone,

Sisi hatujambo. Mahindi yamefika magotini, na mama yako bado anakuwekea yule jogoo mwekundu wa kukuchinjia ukija Desemba.

Ile picha uliyopiga skrini ya kompyuta yako tuliipata. Mmbone aliitaka kwa darasa lake, basi nikaipeleka saiba mjini Kakamega, ikachapishwa kubwa kama kalenda. Ulitueleza vizuri: kwasa, kile kiini king'aacho cha galaksi ya mbali, iko katikati, inarusha mikondo miwili ya gesi, kila mmoja mrefu kuliko galaksi nzima. Unaotujia unang'aa, una mafundo kama muwa. Unaotupa kisogo umefifia hata hauonekani, lakini upo. Ukasema tuutafute upande mweusi.

Nimeutafuta, Baba Mmbone. Nilisimama dirishani nikakodoa macho. Mkondo sikuuona. Niliona skrini imeakisi chumba chako, kile unacholala peke yako. Nyuma yako kuna kiti kirefu cha kulishia mtoto, na mkono wenye bangili umeshika kijiko.

Labda ni mgeni. Lakini mgeni huja na kiti?

Niliukata upande huo kabla ya kumpa Mmbone. Akauliza, "Mama, na mkondo wa pili?" Nikamwambia amuulize baba yake.

Mama yako anasema jogoo mmoja atakutosha. Nimwache aamini hivyo, au nimwambie aongeze?

Ni mimi wa huku,
Mama Mmbone