Nani Atakuokota

4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Vipi kifua chako, kile kikohozi kimekuachia? Huku kwema, hakuna mgonjwa humu ndani ila saa ya ukutani.

Umelalamika kwamba sipokei simu. Masikio yangu yamechoka na simu yako inakatakata, bora tuandikiane kama zamani. Usinifikirie sana. Kila asubuhi naenda sokoni kwa miguu yangu na kurudi. Jana nilipita kwa Mzee Vitambaa pale kona nikanunua uzi mweupe. Akanitania eti nimenenepa, nikamwambia ajitazame tumbo lake kwanza, wateja wakacheka.

Ile siku ya kazini kwako nimeshaisahau. Nawe isahau.

Ni mimi,
Mama yako

19 Februari

Shikamoo Mama,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha, imebaki kazi tu.

Nimepewa darasa la wazee walioacha kutoka nje kwa kuogopa kuanguka. Wako kumi na mmoja. Mtu anaanguka mara moja tu, anaanza kushikashika kuta, kisha anaacha kutoka kabisa. Miguu inalegea kwa kukaa, na ikishalegea ndiyo anaanguka kweli. Basi nawasimamisha nyuma ya viti, wananyanyua visigino huku wakihesabu kwa sauti. Kuna mmoja akifika saba anarudi tatu makusudi, wenzake wanamzomea.

Huyo mkorofi ni Mzee Vitambaa, Mama. Alifunga duka mwezi wa kumi akahamia huku kwa mwanawe. Anakusalimu sana. Nami nakuuliza kwa heshima zote, huo uzi mweupe ulinunua kwa nani?

Mwanao

15 Machi

Shikamoo Mama,

U hali gani? Hujajibu, na simu inaita mpaka inakata yenyewe. Kama nimekuudhi kwa lile swali la uzi, nisamehe, nusu yake ilikuwa utani. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi leo sitasema sijambo.

Nimeona aibu kukuandikia. Mtu mzima akikamatwa anadanganya, anauweka wapi uso wake? Sikununua uzi. Sijavuka kizingiti tangu mwezi wa tisa, siku ile niliyokuja kazini kwako. Sokoni ananiendea jirani yetu fundi cherehani, na barua zangu posta anazipeleka yeye. Simu sipokei kwa sababu ungenisikia ninavyohema nikitoka kitandani kuifuata.

Unakumbuka nilijikwaa kwenye ngazi zenu mbele ya wakubwa wako. Nilishika ukuta, hata chini sikufika. Ukaja mbio, ukanishika kwapa, ukaninong'oneza: "Mama, kaa hapo, utaniaibisha. Ukianguka nani atakuokota?" Nikakaa. Mwanangu, nimekaa mpaka leo.

Miaka ishirini na tisa nimepiga deki jengo la ghorofa sita. Nimeokota vizibo vya soda, vipande vya karatasi, nywele za watu. Najua vizuri kinachookotwa ni nini. Mtu huinuliwa.

Barua yako ya mwezi wa pili ilipofika nilitaka kuijibu, lakini kesho yake nikaanguka jikoni, kwenye sakafu niliyoideki mwenyewe. Sikuvunjika. Ila nililala pale tangu asubuhi mpaka mchana. Cherehani ya jirani naisikia ukutani inakwenda, ningeita mara moja tu angekuja. Sikuita. Nilijikojolea palepale, na bado sikuita. Niliogopa kuokotwa. Mwishowe nilijiburuta kwa viwiko hadi kitandani, nikakaa na hayo kimya mpaka leo.

Sasa umejua.

Mama yako

20 Aprili

Shikamoo Mama,

Sina uso wa kukuuliza habari za afya, lakini nakuuliza. Waendeleaje?

Barua yako nimeisomea chooni kazini, nikiwa nimefunga komeo. Ningeweza kukuambia kwamba nilisema vile kwa kukuhurumia, na ungenikubalia kwa sababu wewe ni mama. Ningekuwa nadanganya. Mkuu wetu alikuwa amesimama pale juu, na asubuhi ile alikuwa amenisifu mbele ya wageni kwamba hakuna anayejua kushika wazee kama mimi. Nikaona anakutazama wewe kisha ananitazama mimi. Nilijihurumia mwenyewe, Mama. Nikakukalisha pale kama mzigo ili macho ya watu yahame. Wazee wa watu nawaambia kila siku wasimame, wangu nikamwambia akae.

Lile neno siwezi kulirudisha mdomoni. Nisamehe.

Naomba nikufundishe ninachowafundisha wengine. Mwite jirani asimame mlangoni, asikuguse. Tandika blanketi, ushuke sakafuni mwenyewe, taratibu. Ukishalala, geukia ubavu, kisha piga magoti na viganja chini, utambae mpaka kwenye kiti kizito. Weka mikono juu ya kiti, kanyaga kwa ule mguu wenye nguvu, jisukume juu. Pumzika kabla ya kusimama wima. Rudia kesho. Anayejua njia ya kuinuka, sakafu haimtishi sana.

Mwanao, mwenye haya

2 Juni

Mwanangu,

Umeamkaje? Mimi magoti yananiuma, lakini ni maumivu ya kazi, nayapokea.

Siku ya kwanza nilishuka vizuri, kuinuka ndiko kukanishinda. Jirani yuko mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni, ananitazama, ananiuliza kama aniletee chai hukohuko chini. Nikacheka mpaka nguvu zikaniisha, ikabidi anipe mkono. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Siku ya nne nikasimama mwenyewe. Nikamwambia atoke kidogo, nikalia peke yangu.

Wiki iliyopita nilifika kona. Duka la Mzee Vitambaa sasa wanauza simu. Nilisimama pale ukingoni mwa barabara nikayatazama magari, kisha nikarudi. Kuvuka bado. Moyo unataka, miguu inasema ngoja kwanza. Ningependa siku nitakayovuka uwepo. Njoo.

Mama yako

30 Juni

Shikamoo Mama,

Nimefika salama. Na wewe, mkono je, bado umevimba? Nauliza nikijua kwamba aliyeuminya ni mimi.

Ulikuwa umeshafika katikati ya barabara. Ulikuwa unatembea vizuri, kichwa juu, sina wazee watatu darasani wanaotembea hivyo. Ile pikipiki ilikuwa mbali na ilishaanza kupunguza mwendo, mwenyewe niliiona. Hata hivyo nikakurukia, nikakukamata kwapa, nikapiga kelele "Mama utaanguka!" mpaka wenye maduka wakatoka nje. Nusura nikuangushe mimi. Uligeuka ukarudi nyumbani, ukanimiminia chai kwenye kikombe cha wageni.

Kwenye basi nilikaa dirishani watu wasinione uso. Wewe ulikuwa unavuka, mwoga nilikuwa mimi. Nalipwa kwa kuwatoa watu hofu, na yangu sijui pa kuianzia. Leo darasani Mzee Vitambaa ameniuliza ilikuwaje. Nimemwambia umevuka. Nimemtazama machoni nikamwambia umevuka, akapiga makofi, na wenzake wote wakapiga makofi.

Najionea aibu, Mama. Sijui hata nimalizieje barua hii.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mkono umepona, usiulize tena.

Sikurudi nyumbani kwa hasira. Ulinishika kama wewe ndiye unayeanguka, nami nikaona haya kwa sababu hofu ile nilikutia mimi. Nilikuandikia kwamba natembea na huku nimekaa ndani miezi. Utaniaminije sasa, hata ukiniona kwa macho? Kwa hilo nakuomba radhi, na mama kumwomba mwanawe radhi si jambo jepesi, hata kalamu ilikuwa nzito.

Huyo Mzee Vitambaa usimwambie kitu kwanza.

Jumamosi njoo tena, asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Wewe ndiye utakayetangulia kuvuka. Ukifika ng'ambo, simama unipe mgongo, utazame madirisha ya maduka. Usigeuke hata usikie nini barabarani. Nikianguka utasikia. Nisipoanguka, nitakugusa bega.

Mama yako