Siku Ambazo Baharia Hakuandika

Mume wangu, sheri wangu mpenzi,

Miezi minne ya ndoa, na mitatu kati yake uko huko kaskazini kwenye kazi yako ya bahari. Bado nikitamka "mume wangu" dukani natabasamu peke yangu kama mjinga, ingawa leo nimechoka hata kutabasamu.

Unakumbuka uchumba wetu, barazani kwetu Kicukiro? Wenzetu walikwenda kula brosheti, mishikaki ya kwetu. Wewe ulikuja na picha za daftari za meli za zamani. Ulinisomea alichoandika baharia, tarehe, joto la maji, barafu ipo au haipo, nami nikachapa kwenye kompyuta yako. Shangazi akapita na sufuria yake: "Yewe! Wachumba gani hawa, wanaambiana joto la maji?" Ukamjibu, "Shangazi, tunaijenga upya bahari ya zamani. Siku isiyo na meli, kompyuta inakisia bahari ilikuwaje. Meli ikiwepo, inamtii baharia." Nilikupenda pale pale, mbele ya sufuria ya Shangazi.

Kisha nikaharibu. Ukurasa mmoja ulikuwa umeliwa na unyevu, nami nikaandika "hakuna barafu", kwa kuwa jana yake haikuwepo na kesho yake haikuwepo. Ulipogundua hukunikaripia. Ulinishika mkono: "Mpenzi, usimsemee baharia. Acha wazi. Pengo, kompyuta inajua ni pengo. Uongo wako itauamini."

Sheri, siku hizi nakuandikia "hakuna barafu" kila siku. Mama yako anaendelea vizuri, nasema. Mimi sijambo, nasema. Kumbe Mama hajasimama mwenyewe, hii ni wiki ya tatu. Namwogesha, namgeuza kitandani, nakimbilia kazini Gikondo, mchana narudi kumlisha. Yeye ndiye aliyeniomba: "Mwanangu, usimwambie, ataacha kazi yake." Nikatii, nikidhani huo ndio upendo.

Ijumaa wakubwa wako wa kazini watakuuliza kama utaongeza mwaka mwingine huko. Sikuambii urudi, wala sikuambii ubaki. Nimechoka mno hata kuchagua. Ila usiamue kwa kunikisia. Mimi ndiye meli pekee inayopita katika nyumba hii, na nimekuwa nikikudanganya.

Basi chapa hivi, kwa mkono wako mwenyewe: leo, nyumbani kwetu, kuna barafu. Nyingi.

Nakukumbatia kwa mikono inayonukia sabuni ya Mama,

Mkeo