Mwalimu wa Sikioni

Mama mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Mama ananitia hofu.

Unajua anasoma falsafa kwa elimu ya masafa huku akisuka watu. Mihadhara huisikiliza kwa spika za masikioni, chini ya kilemba. Wateja humtania, "Msusi, unabishana na nani?" Naye hujibu, "Na mwalimu wangu, yumo humu sikioni."

Juzi, katika darasa la mtandaoni, aliwasha maiki aeleze haki ni nini, huku mikono ikiendelea kusuka. Mteja akapiga yowe, "Taratibu, kichwa hiki si cha kuazima!" Wanafunzi wenzake, vijana watupu, wakacheka hadi mwalimu akawanyamazisha. Mama akazima simu. Jioni akanikabidhi zile spika: "Chukua, mwanangu. Mtu mzima hovyo mimi."

Mtihani wa mdomo ni Jumamosi. Nikimsihi aufanye, ananituma nikaoshe vyombo. Wewe ni dada yake, hawezi kukutuma. Tafadhali mpigie, umwulize haki ni nini, kisha umwache aseme mpaka achoke.

Spika sijazitumia. Kila siku nazichaji, nazirudisha kwenye kikapu chake cha vitana.

Mwanao,
yule unayemwita Maktaba kwa kupenda vitabu