Sahani ya Boaz

Sindo,
Ijumaa asubuhi.

Kwako Mama Phelesia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mke wa mwanao, na kutoka kwa wote walio chini ya paa hili. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi cha msimu wa mvua, kilikwisha au bado unatuficha? Sisi tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Elkanah yuko kazini, Liz yuko chekechea, na mjukuu wako mchanga amelala hapa ubavuni mwangu, ngumi amezikunja, ameshiba. Leo ana siku ya nne. Mimi mwenyewe nimepata nguvu, naweza hata kuinua ndoo, ingawa Elkanah akiniona ananigombeza.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, nakujua. Simu yako ukiipokea unaweka sauti ya juu, na habari zangu zote zinasikizwa na wauza nyanya wa Sori. Haya ya leo ni yako peke yako. Barua nitampa jirani yangu Metrine, anayekuja huko kumwona dada yake, na bahasha nitaibandika gundi pande zote maana Metrine namjua pia.

Kwanza wacha nikushukuru, kwa kuwa sijawahi kukushukuru inavyofaa. Mimi ni Mkuria, nimeolewa kwenu bila kujua hata salamu ya Kijaluo, na hukunidharau. Hata miaka yote ambayo hukutaka kuzungumza na Elkanah, mimi ulinipigia kila Jumapili ukitoka kanisani, ukaniuliza nimekula nini na Liz anaota meno mangapi. Kosa la mume wangu hukunihesabia. Wengine wangenihesabia.

Kosa lenyewe tunalijua sote. Alimpa Boaz, kitindamimba wako, pikipiki aende nayo Migori mjini, na wewe ulikuwa umekataza, na Boaz hakurudi. Tangu mazishi hukutia mguu kwa Elkanah wala hukunywa maji ya mkono wake. Niliolewa mwaka uliofuata, nikakuta jina la Boaz halitajwi humu ndani, nami nikanyamaza kama wenzangu.

Sasa nije kwa Liz na rafiki yake asiyeonekana. Alianza kumtaja mwezi wa kwanza, alipotimiza miaka minne. Mara nisikae pale, nitamkalia mwenzake. Mara nisifunge mlango, mwenzake yuko nje anakojoa. Nikimpa dawa ya minyoo anasema na mwenzake pia apewe, halafu mwenzake anakataa, na yeye anakataa kwa sababu mwenzake amekataa. Unajua mimi hasira zangu ziko karibu. Siku moja nilimkaripia nikamwambia hakuna mtu hapo, akome kunichezea akili. Mama, alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Niliona aibu sana.

Majirani walisema nimpeleke akaombewe. Lakini mwalimu wake, Mwalimu Risper, alicheka akaniambia kwamba watoto wa umri huo wengi wana wenzao wa namna hiyo, na si ugonjwa wala shetani. Akanishauri nisibishane naye, nimwekee mgeni sahani yake, siku moja ataondoka mwenyewe bila kuaga. Basi nikaanza kuweka sahani, kijiko kimoja cha ugali na mboga kidogo, na amani ikarudi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Jumapili ya Pasaka ulipopiga simu Liz alininyang'anya, akakwambia kwamba yeye na Boaz wanakula ugali. Kisha ukasema unakuja. Siku ya pili ukashuka hapa stendi na kuku wako kwapani, wewe ambaye ulikuwa umeapa kutokanyaga kwetu.

Ulikaa na Liz mkekani ukamwuliza Boaz anataka nini, akasema anataka soda, nawe ukamtuma Elkanah dukani. Hilo lilikuwa neno lako la kwanza kwake kwa miaka sita, kwamba alete soda nyekundu. Kisha ukamwuliza mtoto kama Boaz ana hasira na baba. Liz alikutazama kama mtu asiyeelewa swali, akajibu kwamba hana hasira, ana njaa. Ulicheka, kisha ukalia, kisha ukamwita Elkanah aketi, mkala sahani moja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, nikitazama.

Jioni hiyo ulinieleza kwamba katika ukoo wenu aliyekufa kijana, bila mke wala mtoto, jina lake hapewi mtoto mpaka mwenyewe aje kuliomba. Ukasema Boaz amekuja, amepitia kwa Liz. Ukanishika tumbo ukaniambia akiwa mvulana, jina lake liko tayari. Ulikaa siku tatu. Tangu uondoke Elkanah anakupigia simu mwenyewe, anapiga mluzi akioga, na amekuwa mtu anayemaliza chakula chake.

Mama, naomba ukae chini kabla hujaendelea.

Boaz hakuja. Mwezi wa tatu nilipokuwa nikisafisha sanduku, picha ilianguka kutoka kwenye vyeti vya Elkanah vya shule. Liz aliiokota akaniuliza huyu anayecheka ni nani. Nikamwambia ni Boaz, baba yake mdogo, na nikamsihi asimwonyeshe baba. Mpaka siku hiyo rafiki yake hakuwa na jina, Liz alimwita mwenzangu tu. Asubuhi iliyofuata akaniambia mwenzake anaitwa Boaz. Alilipenda jina, basi, kama watoto wanavyopenda kitu wakikichukua. Mimi ndiye niliyelitia jina hilo kinywani mwa mtoto, na nilijua hivyo siku uliposhuka na kuku wako.

Ningesema pale pale. Nilifungua mdomo mara mbili. Lakini nilikuona ukimpasulia Elkanah paja la kuku kama mtoto mdogo, na nikaona nikisema tu, utaosha mikono uondoke. Nikanyamaza. Sikuwa na nia mbaya, ila ni uongo, na nimeubeba pamoja na mimba.

Sasa nimejifungua mvulana, na siwezi kukuacha uje umwite jina ukidhani limeombwa, kumbe limetoka sandukuni. Jumatano nilimwambia Elkanah. Nilidhani atanifokea, na angekuwa na haki. Aliniambia nikuandikie ukweli wote, hata kama utarudi kununa. Kisha akasema jambo ambalo sijamsikia akilisema tangu anioe. Alisema yeye ndiye aliyempa mdogo wake ufunguo, na kwa miaka sita ameogopa hata jina lake. Sasa anataka kuliita kila siku, asubuhi akimwamsha mtoto na jioni akimwita kula, hata kama hakuna aliyetoka popote kuja kuliomba.

Kwa hiyo, Mama, Boaz hakuomba. Tunaoomba ni sisi, Elkanah na mimi, tukiwa wazima na akili zetu. Ukisema hapana, utatuchagulia lingine na hatutanung'unika. Kadi ya kliniki wameandika tu mtoto wa Rael, na nafasi ya jina nimewaomba waiache wazi. Na ukiamua kunikasirikia, nikasirikie mimi, usimrudishe mwanao kule alikokuwa. Kwa zile siku tatu nitakushukuru mpaka nife, kwa vyovyote utakavyoamua.

Nisalimie wote hapo nyumbani na wale wenzako wa kwaya. Liz anamsalimu nyanya, Dani wake, anauliza utakuja lini. Mungu akulinde na akupe moyo mpana wa kusoma haya.

Ni mimi mkwe wako mwenye makosa,
Rael, mama Liz
na mama wa huyu ambaye bado tunakungoja umwite.